Pepeta ya Mpunga wa Mchu

Kila asubuhi baada ya swala, Semeni binti Mtoro alishuka ngazi ya dungu lake, kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mpunga, akachovya kidole kwenye maji ya jaruba, akalamba, akatema. Hapo alishajua siku yake itakwendaje. Wengine hutazama mbingu. Yeye alionja shamba. Wanawake wa Mtondeni walimcheka kwa hilo, wakisema Mama Mwamini anakula matope kama mja mzito, lakini hao hao wachekaji ndio waliokuwa wakipita njiani na kumwuliza kwa upole, leo vipi? Akijibu kwamba imepanda, walikaza kanga zao kiunoni wakaenda zao bila kucheka.

Iliyokuwa ikipanda ni chumvi. Mtondeni ni kisiwa cha matope na mikoko ndani ya delta ya Rufiji, mwendo wa saa tatu kwa boti ya injini kutoka Nyamisati, ukibahatika na maji. Zamani, wala si zamani ya hadithi, zamani ya juzi tu Semeni akiwa msichana, mto ulikuwa na nguvu ya kuisukuma bahari irudi kwao. Mafuriko yalikuja, yakaosha majaruba, yakaacha tope tamu, watu wakapanda moshi wa sigara na tule na bwana, mpunga wenye majina ya mzaha na wali wenye harufu ya kumtoa mtu kwake bila kualikwa. Shamba la mama yake, Bi Sihaba, lilitoa magunia kumi na manane mwaka ule Semeni alioolewa. Mwaka juzi lilitoa matatu. Mwaka jana lilitoa moja na madebe mawili, na hilo moja nusu yake mapepe matupu.

Semeni alizaliwa katika shamba hilohilo, juu ya dungu, kwa sababu uchungu ulimkuta mama yake wakati wa kufukuza ndege, na nani angeshuka kwenda kijijini awaachie kweleakwelea mpunga? Hapo alizaliwa, hapo alijifunza kurusha kombeo, na hapo alimzika mama yake, kwenye kichuguu kilichoko pembeni ya jaruba la tatu, mahali pekee ambapo maji hayafiki. Alizaa watoto watano akabaki na mmoja, Mwamini, aliyeolewa Mtawanya, huko juu Kibiti kwenye mikorosho. Wale wanne wamelala kwenye kichuguu hichohicho pamoja na bibi yao. Basi ukimwambia Semeni ahame, ujue unamwambia nini.

Na aliyekuwa akimwambia ni mumewe. Mashaka alikata nguzo za mikoko ujana wake wote, mpaka kifua kikamchoka, na sasa akipanda ngazi ya dungu hupumzika katikati. Hakuwa mkorofi, masikini. Alikuwa amechoka kupanda mpunga na kuvuna nyasi. Mkwe wao alishawatengea kipande cha ardhi Mtawanya, chenye mikorosho michache na kisima cha maji baridi. Baada ya yale mavuno ya gunia moja, Mashaka alianza kufunga vyombo. Semeni akagoma kula siku mbili. Siku ya tatu waliketi wakakubaliana, na maneno ya siku ile ndiyo yaliyobeba kila kitu kilichofuata.

"Mama Mwamini, nakupa msimu mmoja," Mashaka alisema. "Shamba likitulisha, sitalitaja tena neno kuhama mpaka nife. Lisipotulisha, tunaondoka, na usinililie."

Semeni akakubali, ingawa moyoni alijua kwamba amepewa msimu wa kuaga tu. Kidole chake kilishamwambia.

Ndipo alipokuja Johari. Alikuwa mtafiti kutoka mjini, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye viatu vya mpira vilivyompwaya na begi la vyombo asilomwachia mtu alibebe. Wenzake walimwita Dokta. Kijiji kikamwita Bibi Shamba, kama kinavyomwita yeyote wa kike anayekuja na kalamu kuuliza habari za mazao. Alikuwa akitafuta shamba lililokufa kwa chumvi kuliko yote, na mwenyekiti wa kitongoji hakusita, akamleta moja kwa moja kwa Semeni. Sifa ya namna hiyo nani anaitaka?

Johari alitumbukiza kifaa chake majini, akangoja kisome. Semeni naye, bila kuombwa, akachovya kidole. Akasema leo imezidi jana kidogo, ila juzi ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu ya bamvua, maji makuu ya mwezi mpevu. Johari akatazama kifaa, akafungua daftari lake la vipimo vya siku tatu alizozunguka kisiwani, akacheka mpaka akashika kiuno. Akamwambia, mama, wewe mashine unayo mdomoni. Tangu siku hiyo wakapendana kwa namna ya mtu na mwanawe, na nalisema hili mapema kwa sababu watu baadaye walisema Bibi Shamba alikuja kumtega yule mama. Si kweli. Hakuna aliyemtega mtu katika jambo hili, na pengine ndiyo maana linauma hivi.

Alimweleza kazi yake kwa jani la mchu. Mchu ndio mkoko unaosimama ukingoni kabisa, miguu ndani ya bahari, na majani yake ukiyalamba yana chumvi; watoto wa Mtondeni wote wamewahi kuyalamba. Johari akasema mti ule unakunywa maji ya chumvi kama wengine, lakini una ujanja wa kuitoa. Ndani ya jani mna protini inayofanya kazi ya bawabu: husimama kwenye mlango wa kila chembe, chumvi ikiingia huisukuma nje. Mpunga hauna bawabu wa namna hiyo, ndiyo maana unakufa. Wao huko maabara wamechukua maelekezo ambayo mchu unayatumia kumwumba yule bawabu wake, wakayatia ndani ya mpunga, kazi ya miaka saba, mpaka mpunga nao ukaanza kumwumba wa kwake.

Semeni alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu. "Na mpunga umekubali?"

"Kwenye ndoo umekubali," Johari akajibu. "Kwenye shamba hatujui."

Jibu hilo ndilo lililomfanya Semeni atoe shamba. Angeambiwa umekubali kila mahali, asingetoa; waongo aliwazoea.

Karatasi ya makubaliano ilikuwa na kurasa sita. Johari aliisoma yote kwa sauti pale barazani, mchana kutwa, Mashaka akasinzia na kuamka mara mbili. Shamba litazungushiwa wavu. Mlango utakuwa na kufuli. Nusu ya jaruba utapandwa mpunga mpya na nusu nyingine moshi wa sigara ya Semeni mwenyewe, ili vilinganishwe. Kila shina litahesabiwa. Mavuno watavuna wao, watayapima, kisha yatateketezwa, kwa kuwa mpunga huo bado haujaruhusiwa kuliwa wala kupandwa na raia. Majaribio yakifaulu misimu mitatu, ndipo serikali itafikiria kuruhusu mbegu, na wa kwanza kupewa atakuwa mwenye shamba. Mwishoni, alipoona nyuso zimechoka na kurasa, Johari alifunga karatasi akasema kwa lugha ya nyumbani. "Mama, kikubwa ni mbegu. Mbegu hai isitoke humu, hata punje moja. Ikitoka tu, wanatufungia."

Semeni akaweka dole gumba. Akarudia maneno yale mara tatu kichwani, kama mtu anayehifadhi sura: mbegu hai isitoke.

Mashaka alimwuliza, sasa mpunga usiolika unatulishaje? Nakupa msimu, wewe unawapa wageni? Alikuwa na haki ya kuuliza. Semeni akamjibu kwamba mwaka huu watalishwa na posho ya ulinzi watakayopewa, na mwaka wa nne watalishwa na shamba. Mashaka akaguna. Akasema basi nitautazama huo mpunga, nikiona umesimama kweli nitaingoja hiyo miaka, maana kungoja nimekwisha kuzoea.

Walipandikiza miche baada ya mvua za kwanza. Semeni alilinda lile jaruba kuliko alivyolinda chochote maishani. Kaa wanaokata miche aliwawinda asubuhi na jioni kwa mkono, mmoja mmoja. Bamvua ya kwanza ilipopanda, maji ya bahari yakapita chini ya wavu na kukaa siku nne, naye akashinda kwenye ngazi ya dungu bila kula. Yalipopungua, moshi wa sigara ilikuwa imeungua ncha, ikapauka, ikalala. Upande wa pili wa kamba mpunga mpya ulikuwa umesimama, kijani, unatikisika kwa upepo kana kwamba hapakutokea kitu. Semeni alichuma jani lake moja akalilamba. Lilikuwa na chumvi kwa nje, kama mchu. Akakaa kwenye tope akalia, na nakuambia hakulia kwa huzuni.

Mashaka alikwenda kutazama siku hiyohiyo. Alisimama muda mrefu ameshika wavu. Kesho yake Semeni alimkuta juu ya dungu anabadilisha makuti ya paa, kazi aliyoiacha tangu miaka miwili iliyopita. Mtu anayefunga vyombo haezeki. Ikawa wanacheka tena wakila, wanataniana habari za ujana, na Semeni akatuma salamu Mtawanya kwamba ile ardhi mkwe aipande muhogo, wao hawaji.

Mpunga ulichanua, ukatunga maziwa, ukaanza kukaza. Sasa hapa inabidi nieleze desturi, maana bila hiyo utamwona Semeni mjinga, na hakuwa mjinga. Mtondeni mpunga mpya hauliwi kimyakimya. Mashuke yakiwa bado mabichi, punje zimejaa lakini hazijakauka, mwenye shamba hukata mafungu machache ya kwanza, akayakaanga chunguni, akayatwanga yangali moto, akapepeta. Hiyo ndiyo pepeta, ukiichanganya na nazi na sukari mtu husahau jina lake. Lakini si ya kula tu. Kwanza huwarehemu waliolima kabla yako, husomwa Fatiha kwa majina yao, kisha wa kwanza kuonja huwa mgeni. Shamba lisilotoa pepeta limewanyima wafu na wageni, na mwaka unaofuata huwezi kulilaumu likikunyima wewe. Bi Sihaba hakuacha hata mwaka mmoja. Semeni naye hakuacha mwaka hata mmoja, isipokuwa miaka miwili hii ya mwisho, aliyovuna haba na mapepe mengi, na aibu ile alikuwa akiibeba kimya kimya.

Siku ya Jumatatu Johari akapiga simu. Akasema Alhamisi atakuja na mkaguzi wa serikali, Bwana Abdulrazaq, aje aone jaruba kwa macho yake, na akiridhika ataidhinisha msimu wa pili. Sauti yake ilikuwa na furaha. "Ombea, mama," alisema. Semeni akasikia mgeni anakuja mpunga ukiwa katika hali ileile ya pepeta, na moyo wake ukaamua kabla kichwa hakijaketi.

Usidhani hakufikiri. Alifikiri siku mbili. Aliyakumbuka maneno aliyoyahifadhi, mbegu hai isitoke, na akayageuza huku na huku kwa uaminifu wote. Pepeta si mbegu. Punje iliyokaangwa imekufa. Hata mtoto anajua huwezi kupanda pepeta. Na lile neno la kutoliwa alilichukua kuwa ni la mavuno ya kujaza ghala, si la tonge la kuonja. Kwa hiyo hatoi mbegu, anatoa heshima. Tena haibi, kwani anawapa wenyewe wenye mpunga. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wamesema wazee, na huyu alikuwa mgeni wa kuwaponya kwelikweli. Alipomweleza Mashaka, Mashaka akafurahi. Akasema Bi Sihaba mwaka huu atalala vizuri.

Alhamisi asubuhi alifungua kufuli kwa ufunguo wake wa ulinzi, akakata mashuke kwenye pembe iliyo karibu na kichuguu. Na hapa ndipo alipofanya jambo ambalo mimi kila nikilikumbuka hushika kichwa. Kwa ajili ya lile sharti, alitandika jamvi ili punje isidondoke. Zilizoruka aliziokota moja moja kwenye nyufa za sakafu. Alikaanga, kisha akakaanga mara ya pili, ili asibakize hata punje moja yenye uhai. Mashuke matupu na mabua aliyachoma jikoni, majivu akayamwagia maji. Maisha yake yote hakuwahi kugusa mavuno kabla ya kutenga mbegu kwanza. Ndivyo alivyolelewa, mbegu kwanza, tumbo baadaye. Siku hiyo, kwa kutii, hakutenga kitu. Kisha akatwanga, na mlio wa kinu ukasikika hadi kwa jirani yake Mashavu, aliyesimama mlangoni akajiuliza kuna nini cha kutwanga kisiwani mwaka huu.

Wageni walifika saa nne. Bwana Abdulrazaq alikuwa mtu mzima mwenye mvi na adabu, akaanza yeye kusalimia. Walikwenda shambani kwanza. Alisimama kati ya zile pande mbili za kamba, upande mmoja uliolala na upande mmoja uliosimama, akavua miwani akaifuta, akavaa tena. Alimwambia Johari kwamba katika kazi yake ya miaka ishirini na sita hajaona kitu kama hiki. Aliandika mengi. Pembeni ya kichuguu hawakufika, kwa sababu tope lilikuwa la magotini. Walirudi barazani wakanawa, wakaketi mkekani, na Semeni, amevaa kanga yake ya doti mpya, akaleta sahani iliyofunikwa kawa. Mashaka alishasoma Fatiha. Bwana Abdulrazaq akafunua, akasema bismillahi, akatia tonge kinywani, akafumba macho. Akasema hajala pepeta tangu bibi yake alipofariki. Akatia tonge la pili.

Kisha akauliza, kwa uungwana tu, mpunga huu umetoka wapi, maana njia nzima ameona mashamba yamekauka.

"Ni huu wenu," Mashaka akasema, uso umemchangamka. "Tumeanza na nyinyi, kama desturi."

Johari alikuwa ameinua mkono kuelekea sahani. Mkono ukabaki hewani. Semeni aliuona uso wa yule binti ukibadilika, na kabla hajaambiwa kitu alijua kwamba amefanya kosa kubwa, ila hakujua ni lipi. Alianza kueleza haraka kwamba hakuna mbegu iliyotoka, amekaanga zote, mara mbili, njooni mwone jiko. Bwana Abdulrazaq aliliweka tonge la tatu kwenye ukingo wa sahani, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Aliomba maji, akasukutua nje ya baraza. Aliporudi hakuketi.

Hakufoka. Laiti angefoka. Alisema karatasi haikukataza mbegu peke yake. Ilikataza kitu chochote cha mmea ule kutoka nje ya wavu au kuingia kinywa cha mtu, kwa kuwa hakuna aliyepima bado kama ile protini ya mchu, ikiliwa na binadamu, ina madhara au haina. Ndiyo sheria ya majaribio yote ya namna hiyo, nayo haina kifungu cha desturi. Johari akamwomba. Alimwomba kwa lugha ya ofisini kwanza, kisha kwa Kiswahili cha mtoto anayelilia mzazi. Akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyemwambia mama kikubwa ni mbegu. Mkaguzi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akamwambia Semeni, "nimekula kwa mkono wangu, na ni tamu. Ningeweza kunyamaza. Lakini kesho atakula mwingine mahali pengine kitu kibaya kweli, na mimi nitakuwa nimeshazoea kunyamaza."

Wakaondoka na maji yaleyale yaliyowaleta. Sahani ilibaki mkekani. Hakuna aliyeumwa tumbo, si mkaguzi wala Mashaka aliyeonja mabaki jikoni wageni walipokwenda, lakini hilo halikumsaidia mtu.

Amri ilifika baada ya siku tisa. Walikuja vijana sita wenye glavu na madumu ya mafuta, wakang'oa kila shina na mizizi yake, la mpunga mpya na la moshi wa sigara iliyokwisha kufa, wakahesabu, wakarundika, wakawasha. Mpunga mbichi hauungui upesi. Ulitoa moshi mzito mchana kutwa, na moshi ule ulinukia wali. Watu wa Mtondeni walisimama nje ya wavu wakitazama, na wengine waliokuwa hawajala vizuri tangu mfungo waliondoka, hawakuweza kustahimili harufu. Semeni hakuondoka. Alisimama mpaka rundo likawa jeusi. Jaruba likapigwa marufuku kulimwa misimu miwili.

Johari alikuja siku hiyo, ingawa hakulazimika. Mradi ulikuwa umefungwa naye amehamishiwa ofisini kuandika ripoti. Semeni akamwuliza jambo moja, kama siku ile ya kwanza: je, huko maabara hamna mbegu? Johari akasema zimo, kidogo, kwenye jokofu, na jokofu limefungwa, na ufunguo hana yeye. Akasema labda baada ya miaka. Zaidi ya hapo hakuahidi, kwa sababu hakutaka kumdanganya. Waliagana bila kushikana sana, kila mmoja anaona haya mbele ya mwenzake.

Lililomuumiza Semeni zaidi lilikuja baadaye. Jioni moja Mashavu alipita, akaketi, akazungumza habari za kuku na za mvua, mwishowe akatoa kikasha cha kiberiti kitupu kwenye pindo la kanga. Akamwomba punje tano. Hakuna atakayejua, alisema, nitazificha kwenye kopo nyuma ya nyumba. Semeni akamwambia hana. Kesho yake akaja mwingine, na mwingine, na hata mwenyekiti wa kitongoji mwenyewe, kila mtu na kichupa chake au kitambaa chake. Wote waliamini kwamba mwanamke mwenye akili, akiwa na ufunguo wa kufuli miezi minne, hawezi kukosa kuficha konzi moja. Aliwaapia. Hawakumwamini hata mmoja.

"Haya," Mashavu akasema mara ya mwisho, amesimama. "Mungu anakuona."

Tangu hapo salamu zao zikawa za mdomoni tu. Alipoonja maji asubuhi, hakuna aliyepita kumwuliza leo vipi. Wanajua vipi, na wanadhani yeye ana dawa na amewanyima.

Mashaka hakumlaumu hata kwa neno moja. Alifunga vyombo polepole, akashusha yale makuti mapya ya dungu akamgawia jirani. Siku ya kuondoka Semeni alipanda kichuguu akang'oa magugu kwenye makaburi matano, akakaa hapo mpaka boti ikaanza kupiga honi. Walipokwisha kuingia mkondoni, kisiwa kimeanza kujificha nyuma ya mikoko, Mashaka alimsogelea akamwuliza kwa sauti ya chini, watu wa boti wasisikie.

"Hata kwangu mimi? Ulibakisha?"

"Nilizikaanga zote, Baba Mwamini. Mara mbili."

Mashaka akatazama maji. "Miaka thelathini na nane nimekuoa," akasema, "hujawahi kula kabla ya kutenga mbegu." Hakusema kwa ukali. Alikuwa anashangaa tu, na mshangao ule Semeni alihisi umemwingia hadi kwenye mifupa, kwa kuwa na yeye alikuwa akishangaa vilevile.

Mtawanya ni pazuri, usiniulize. Kuna kivuli cha mikorosho, kuna kisima, wajukuu wanaitikia ukiwaita. Asubuhi za kwanza Semeni alitoka baada ya swala akachovya kidole kwenye ndoo ya kisima akalamba. Maji hayakuwa na chochote, yalikuwa maji tu. Akaacha baada ya wiki.

Siku moja akifua ile kanga ya doti alikuta fundo kwenye pindo. Akalifungua: konzi ndogo ya pepeta, iliyobondeka, aliyokuwa amemwekea Johari pembeni siku ile, ili akale njiani. Aliitazama kwa muda. Anajua kuliko mtu yeyote kwamba punje hizo zimekufa, aliziua kwa mkono wake, mara mbili. Hata hivyo akatafuta kopo, akatia tope, akatia maji na chumvi ya jikoni, akaonja mpaka ulimi ukamwambia ndiyo, hii ndiyo ya Mtondeni. Akazifukia moja moja kwa kidole, zimeachana sawasawa kama miche ya kitalu, akaliweka kopo nyuma ya choo mahali pasipopita mtu, na kila asubuhi akalitazama.

Siku ya tano Mwamini alisikia harufu mbaya, akalifuata kopo. Punje zilikuwa zimevimba, zimechachuka, zimeanza kutoa povu. Hakujua ni nini, akazimwagia kuku. Semeni alitoka ndani akawakuta wanadonoa. Alisimama pale mpaka walipomaliza, kisha akaliokota kopo akaenda kuliosha.